Dogo anataka udaktari halafu unamhamishia CBG? Ondoa mkono kwenye simu kwanza

Mkuu, kama bado hujahifadhi hayo mabadiliko, usihifadhi.

Nimesoma uzi wako mara moja, imetosha. Mdogo wako wa kike kapata divisheni II ya pointi 19. Biolojia B, Jiografia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati D. Ndoto yake ni udaktari wa binadamu. Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alijaza kombi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), na wewe kaka mtu, kwa mapenzi mema kabisa, unataka kumbadilishia iwe CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) ili "apate wani (divisheni I) kiulaini, udaktari ataunganisha mbele ya safari". Ukaongezea maswali ya shule za wasichana zenye maabara nzuri, tuition ya kujiandaa na kidato cha tano, na kama watoto wa CBG wanapata mkopo. Hayo yote yanasubiri.

Hakuna kuunganisha mbele ya safari. Mbele ya safari nimefika, nimekaa huko, nimerudi. Hakuna kitu.

Mimi TAMISEMI walinipangia PCB. Sikuomba kubadilisha mtandaoni kama unavyotaka kufanya wewe, mimi ujinga wangu niliufanyia shuleni. Wiki za mwanzo za kidato cha tano tukapewa jaribio la Fizikia, mambo ya kurusha jiwe kwa pembe fulani ukokotoe litaangukia wapi. Langu halikuangukia popote. Nilipata 18, na siyo 18 kati ya 20. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma nimenywea. Akafungua daftari lake, akaniangalia kama mtu mwenye bahati, akasema: "Kijana, hamia CBG. Ni sayansi ile ile, umetoa tu Fizikia umeweka Jiografia. Utapata wani nzuri, na wani ndiyo inayofungua milango." Nikamuuliza, na udaktari je? Akajibu chuo kikuu wanataka prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye pointi 4, wewe utakuwa nazo tatu, wasiwasi wa nini?

Sasa naomba unielewe hapa. Mwalimu hakudanganya kuhusu prinsipo mbili na pointi 4. Hicho ni kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita. Kwa hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu pointi. Ila hicho ni kiwango cha kukubalika kwamba na wewe ni mtu unayeweza kuomba chuo. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na masharti ya kozi hayaulizi tu una prinsipo ngapi, yanauliza za masomo GANI. Udaktari wa binadamu wanataka prinsipo tatu: Fizikia, Kemia, Biolojia. Udaktari wa meno hivyo hivyo. Famasia hivyo hivyo. Hawajaandika "Fizikia au somo lingine ulilolipenda". Jiografia yako hata ukipata A ya kutundika ukutani, kwenye mstari huo haipo.

Nikahama. Na nikasoma kweli, sikuwa mzembe. Matokeo yalipotoka nilikuwa na divisheni I ya pointi 7 (hizi ni za divisheni, zikiwa chache ndiyo bora, siyo zile za TCU): Biolojia B, Kemia C, Jiografia B. Nyumbani walichinja mbuzi. Mjomba mmoja akaanza kuniita dokta palepale akinisimulia mgongo wake unavyomsumbua. Nami nikamshauri apunguze kubeba mizigo, dokta mzima.

Kipindi cha maombi kikafika. Nikaenda steshenari, si unajua zile zenye bango "TUNAOMBA VYUO HAPA". Yule kijana akaingiza namba yangu ya mtihani, mfumo ukavuta matokeo wenyewe. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi: huandiki wewe ulichopata, mfumo unakuvutia kila kitu, hauna mjomba wala mtu wa kumpigia simu. Ikaja orodha ya kozi ninazostahili. Kilimo. Misitu. Wanyamapori. Mazingira. Ualimu wa Biolojia na Jiografia. Nikamwambia ashuke chini, udaktari utakuwa chini. Akashuka mpaka orodha ikaisha. Nikamwambia labda mtandao. Akajaribu chuo kingine, kingine, kingine. Bili ya steshenari ikawa inapanda tu na mimi nimesimama pale na wani yangu.

Nilipiga simu kwa yule mwalimu wa taaluma. Unajua alisema nini? "Ooh, kwani ulikuwa na nia ya udaktari?" Mkuu, nilikaa chini. Nilimuuliza kwa mdomo wangu ofisini kwake!

Nimekuja kuelewa baadaye, na hili nalisema kwa wazazi wote mnaosoma hapa. Shule nyingi zinaishi kwa bango la getini: wani ngapi, two ngapi, sifuri hakuna. Mtoto anayesuasua kwenye Fizikia ni doa kwenye bango. Ukimhamishia kwenye kombi atakayopata wani, bango linapendeza. Kwamba hiyo wani inakwenda wapi baada ya kutoka getini, hilo siyo tatizo la bango. Sisemi walimu wote, wapo waliokaa na wanafunzi wao usiku kucha. Wangu alikuwa na bango. Shule siitaji, na yeye simtaji, anajijua, na nasikia amepanda cheo.

Na yupo wa pili, binamu yangu aliyekuwa chuo mwaka wa pili akisoma mambo ya biashara, akinihakikishia kwamba "wanaangalia pointi tu siku hizi". Mtu wa biashara anakushauri kuhusu udaktari kwa kujiamini utadhani yeye ndiye anapanga vitanda Muhimbili. Harusini kwake nilikwenda, nikala, mchango sikutoa.

Basi ikabaki kurisiti, yaani kurudia mtihani. Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, Fizikia peke yake. Hii nayo nakuwekea hapa maana najua kuna mtu atakuja kukwambia "akikosa atarisiti, simple". Fizikia ya kidato cha sita ina pepa tatu, ya tatu ni ya maabara. Kwa hiyo utafute mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo, na shule zenye maabara zina wanafunzi wao, wewe unaingia jioni kama mgeni, ukishika waya unaulizwa una kibali. Utafute mwalimu anayejua kufundisha mtu mmoja. Na mada za miaka miwili unazibana kwenye miezi michache, na calculus huna zaidi ya ile ya BAM, ile hisabati ndogo ya nyongeza. Nilipata S. S ni alama 35 hadi 39, siyo prinsipo, ni sabsidiari. Nusu pointi ya TCU. Herufi ya kwanza ya neno "samahani".

Lililoniuma kuliko yote lilikuja baada ya hapo. Nikaamua kwenda diploma ya utabibu, Clinical Medicine. Baba akauza ng'ombe, mimi nikabeba vyeti vyote kwenye bahasha ya kaki, cha sita nimekiweka juu kabisa kione mwanga. Yule dada wa usajili akakichukua, akakiangalia, akanirudishia. "Hiki hatukihitaji kaka, nipe cha kidato cha nne." Sifa ya kuingia ile diploma ni ufaulu wa kidato cha nne, masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, kuanzia D. Basi. Nilikuwa na sifa hiyo tangu siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Miaka miwili ya advansi, mbuzi, steshenari, kurisiti, vyote hivyo ili nifike kwenye foleni ambayo ningeweza kusimama nikiwa bado sijaota ndevu. Darasani watoto wa kidato cha nne walikuwa wananiita Babu. Mmoja wao amemaliza, ameajiriwa, na ndiye alikuwa bosi wangu wa zamu mwaka juzi. Kijana mzuri, ananipa zamu za usiku kwa heshima zote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu na nitaisema hata msibani: UNAANZA NA KITABU CHA TCU, KOMBI INAKUJA BAADAYE. Kila mwaka TCU wanatoa mwongozo wa udahili, upo kwenye tovuti yao, bure. Ipo miwili, mmoja wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wanaotoka diploma. Pakua wa kidato cha sita leo, siyo baada ya miaka miwili. Kaa na dogo, mwambie achague kozi tatu anazozitaka kweli, mzitafute kwenye vyuo vitatu vinne. MUHAS, UDOM, Bugando, popote. Mtakuta jina la kozi, masharti, nafasi zilizopo, na miaka ya kusoma. Msome safu ya masharti neno kwa neno, muandike masomo yaliyotajwa, ndiyo mrudi kwenye kombi. Kombi ambayo haina masomo hayo, hata kama mwalimu anaipigia debe kwa ngoma, iache.

Na hii siyo ya udaktari tu. Wa PCB wanaodhani watageukia uhandisi wakachungulie, wahandisi wanataka Fizikia na Hisabati ya juu. Wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wakitaka udaktari hawana Biolojia. Kozi nyingi za biashara na kompyuta zinarudi mpaka kwenye Hisabati yako ya kidato cha nne kuiuliza ilikuwaje, kwa hiyo ile D ya dogo msiidharau, ni bora kuliko F mara mia. Na sasa tangu 2024 kombi zimeongezwa zikafika 65, watu wanachagua kwa majina kupendeza. Kitabu kwanza!

Narudi kwa dogo wako. Najua utasema Fizikia C ni dhaifu, na akienda PCB akaangukia E au F itakuwaje. Swali la haki. Sikwambii PCB ni mteremko, na hata masharti ya chini akiyafikisha siyo tiketi, maana vyuo vikubwa wanaomba wengi wenye pointi nyingi na wanachukuliwa wa juu. Ninachosema ni kwamba kwa mtu anayetaka udaktari kuna barabara kuu mbili. Moja ni PCB, apambane na Fizikia kuanzia siku ya kwanza, asisubiri jaribio limpige. Ya pili, kama Fizikia ya advansi mmeiona haiwezekani kabisa, aende diploma ya utabibu SASA HIVI na hayo matokeo yake, miaka mitatu, akipata GPA nzuri kuanzia 3.0 aombe udaktari kwa mlango wa diploma. Huko nako watarudi kuangalia ufaulu wake wa kidato cha nne, kuanzia D, na kwa masomo uliyoyataja yupo salama. CBG haipo kwenye barabara yoyote kati ya hizo. CBG ni kombi nzuri kwa mtu anayetaka kilimo au mazingira au misitu, nina rafiki wa CBG yuko kwenye hifadhi anaishi na tembo, ana amani kuliko mimi. Lakini alikuwa anataka tembo tangu mwanzo.

Halafu, samahani kwa hili, lakini kwa nini unabadilisha wewe? Umeandika "nataka nimbadilishie". Yeye amejaza PCB mwenyewe. Umemuuliza? Au umeona C ukaogopa kwa niaba yake? Mimi nilikuwa na mwalimu na binamu, yeye ana kaka mwenye nywila. Mpe simu, mpe na hicho kitabu, asome mwenyewe.

Mkopo: bodi haiangalii kombi, inaangalia kozi aliyodahiliwa na hali ya familia, kwa hiyo CBG au PCB haikuongezei wala kukupunguzia hapo. Shule zenye maabara nzuri waulize walioko huko karibuni, mimi maabara niliyoijua ilikuwa na kufuli. Tuition sikumbuki ulikuwa unauliza nini, ila kama ni ya Fizikia, lipa.

Na akipangiwa bweni asome fomu ya kujiunga kabla ya kununua godoro, vitanda vingi vya shule ni vya futi mbili na nusu. Mimi nilifika na la futi nne, likalala limekunjwa kama chapati mpaka namaliza.