Rafiki karudi kutoka Dar, ugonjwa umesambaa: nakujibu kwa niliyoyaona

Waalaykumu salaam bibie. Umeuliza mawili. Rafiki yako karudishwa nyumbani kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, saratani imeshafika kwenye ini, na wewe unaogopa kwenda kwa kuwa hujui umwambie nini. Pili, kaka zake wanachangisha wampeleke India, na wamekukataza kugusia walivyosema madaktari. Mie nilimuuguza shoga yangu, tumekua pamoja Mwembetanga, Unguja, akafariki kwa saratani ya titi. Nasema kwa hayo.

Usitafute la kumwambia. Wa kumwogesha anao, wa kumpikia uji anao. Asiyekuwa naye ni mtu wa kuzungumza naye bila ya kumliza. Akisema "mie nakufa" mbele ya mama yake, mama machozi. Kaka anadakia, "usiseme hivyo, Mungu mkubwa", na maneno yameishia hapo. Basi mgonjwa anajinyamazia. Nafasi hiyo pale nyumbani haina mtu, na ni yako.

Shoga yangu alikuwa fundi cherehani. Siku moja akaniambia nifunge mlango, nikajua anataka kulia. Kumbe ananionyesha uvunguni: vifurushi vya vitambaa vya watu, kila kimoja kimebanwa kikaratasi kwa pini, jina na vipimo. Ilikuwa Shaaban, na nguo za sikukuu alikuwa keshazipokea kabla hajapanda boti kwenda Dar kutibiwa. Kilichokuwa kikimkosesha usingizi ni amana za watu. Tukakaa kitako, yeye kaegemea mito, anasoma kikaratasi kimoja kimoja: huyu mrudishie kitambaa, huyu alitoa kianzio mpe pesa yake, hili gauni limebaki pindo tu, mpelekee fundi mwengine. Kulikuwa na bibi mmoja aliyezoea kulipa nusu, nusu nyengine haji nayo. Akacheka mpaka akakohoa: "Huyo mwambie nimemsamehe, lakini mwambie mbele za watu."

Vifurushi vilipokwisha ndipo yakaja mengine: deni la upatu, funga za Ramadhani zilizompita na fidia yake, nani atakaa na wanawe. Hayo hayaulizwi kwa kukabiliana uso kwa uso. Huja wakati mikono ina kazi. Akitaja wasia, mleteeni shekhe na mashahidi mapema, akili ikiwa bado nzima. Wasia hauvuki theluthi ya mali, wala hausiwi kwa mrithi, na watu hugombana sana kwa kutolijua hilo.

Sasa maumivu, maana mtu anayeumia hana mazungumzo. Pengine kaandikiwa mofini ya maji, ya kunywa. Utasikia barazani kwamba hiyo ni dawa ya kumalizia watu, au atakuwa teja. Si kweli. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa kipimo alichopewa hawi teja, na haimharakishii kifo. Ile ya maji nguvu yake hudumu kama saa nne, kwa hiyo hupewa kila zikipita saa nne, si kusubiri mpaka apige kelele. Maumivu yakishapanda ni kazi kuyateremsha. Siku za mwanzo atasinzia na huenda akachefukwa, kisha hupungua. Kisichopungua ni kufunga choo, basi hakikisheni ameandikiwa na dawa ya kulainisha, na anaianza siku hiyo hiyo. Sisi tulibandika karatasi ukutani, anayempa anaandika saa. Bila ya hivyo kila mtu anadhani mwenzake keshampa. Na maumivu yakizidi dawa, rudini kwa aliyeandika aongeze, au uulizie wauguzi wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu na taabu za wenye maradhi mazito. Hiyo ndiyo kazi yao.

Titi la mwenzangu lilifanya kidonda, likawa na harufu. Watu kwa nia njema wakawa wanachoma udi chumba kizima, naye ndiyo kwanza anatapika. Tulisaidika na muuguzi: vidonge vya metronidazo vikasagwa, unga ukanyunyizwa juu ya kidonda kila kikisafishwa. Harufu ilipungua sana, akakubali tena kukaa na wanawe. Kama rafiki yako anakataa watu kuingia, chunguza kwanza kama sababu si hiyo.

Akikataa kula, msimshike kichwa kumlisha. Mwili ukifika huko hauhitaji chakula kama zamani. Mloweshe midomo kwa pamba.

Wanaokuja kumkagua ni mtihani mwengine, Mungu anisamehe. Mtu anaingia, anakaa saa nzima, anahadithia fulani aliyekuwa hivi hivi hakufika Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Wewe si ndugu, kwa hiyo unaweza kusimama mlangoni useme "kalala" na asikasirikiwe mama mwenye nyumba. Waliokuja na chakula wapokelee, washukuru, wakae barazani.

Kuhusu India na siri ya kaka zake: usiwapinge kwa kelele, na usimwambie mgonjwa kwa pupa. Muulize yeye, "Huko Dar walikwambiaje?" kisha unyamaze. Wengi wanajua. Mwenzangu alijua kabla yetu sote, alikuwa akituhurumia sisi. Ama kaka zake, waombe wakamuulize daktari swali moja tu: matibabu ya huko ni ya kumponya, ya kumwongezea siku, au ya kumpunguzia maumivu? Mionzi, kwa mfano, hutumika pia kutuliza maumivu ya mifupa, na hiyo ipo Ocean Road, haihitaji India. Jibu likija, apelekewe mwenyewe aamue. Mwili ni wake. Akisema anataka kubaki, pesa ya mchango ina kazi tele papa hapa: godoro zuri, nauli za kufuata dawa, na mtu wa kulipwa akeshe naye, kwa sababu mama yake hajalala tangu arudi.