Swali la lugha: Je, elektroni "zinazunguka" kiini?

Swali: Ninafundisha Kemia kidato cha pili. Somo ni la Kiingereza, ila tukifika kwenye muundo wa atomi wanafunzi hukwama, nami huwafafanulia kwa Kiswahili. Husema: "Atomi ina kiini katikati, na elektroni zinazunguka kiini hicho." Mwalimu mwenzangu ananikosoa. Anasema kiini ni cha yai, niseme nyukliasi, na tena elektroni hazizunguki. Yeye mwenyewe husema "maelektroni". Nishike lipi?

Jibu: Mwalimu, nianze na lililo jepesi. Atomi, elektroni, na chembe zilizomo ndani ya kiini, yaani protoni na nyutroni, ni majina ya ngeli ya I-ZI: atomi hii, atomi hizi, elektroni moja, elektroni mbili. Wingi umeshabebwa na upatanisho, kama tusemavyo kalamu hizi bila kusema makalamu. "Maelektroni" liache.

Kiini kishike. Nyukliasi itamfanya mwanafunzi akariri sauti asiyoijua, na jirani yake "nyuklia" ameshalisikia redioni, likihusu mabomu. Akishakielewa kiini, mwambie kwamba nishati ya nyuklia ni ile inayotoka ndani ya kiini cha atomi. Hapo neno la redioni nalo litapata maana.

Lakini mwenzako hakukosea kulitaja yai. Niliwahi kushika daftari la mwanafunzi aliyechora atomi: duara kubwa, na ndani yake duara jingine lililojaza karibu nusu ya nafasi, amelipaka rangi ya manjano. Kwenye maelezo aliyonakili darasani, mahali elektroni zilipo paliitwa "ganda". Kiini na ganda! Mtoto alisomewa yai, akachora yai, na alichora vizuri.

Kwa hiyo kinachopaswa kuondoka ni ganda. Sema ngazi, au ngazi ya nishati. Mtu hukanyaga ngazi ya kwanza au ya pili, hasimami hewani kati ya hizo mbili, na hilo ndilo mwanafizikia Niels Bohr alilolieleza mwaka 1913 kuhusu nishati ya elektroni. Kiini nacho kitoe kwenye yai ukipeleke kwenye maana yake nyingine ambayo wanafunzi wanaijua kutoka somo la Kiswahili: kiini cha habari, kiini cha mgogoro. Kiini cha jambo huenda kikawa sentensi moja tu katika kurasa kumi, ila uzito wote umelala hapo. Atomi iko hivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 99.9 ya tungamo lake imo ndani ya kiini, na kiini chenyewe ni kidogo mno. Chukua atomi ya dhahabu, ile ambayo mwanafizikia Ernest Rutherford aliitumia kufikia wazo la kiini mwaka 1911. Ukiikuza ilingane na urefu wa uwanja wa mpira, kiini chake kitakuwa kama punje ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja. Watoe nje wakauone uwanja wa shule, na punje uwe nayo mkononi.

Sasa "kuzunguka", na hapa ndipo swali lako limenifurahisha. Kitenzi hiki kina maana mbili. Dunia inalizunguka jua: kuna mwendo, kuna njia, na baada ya siku 365 hivi imerudi ilipoanzia. Lakini pia kisiwa kimezungukwa na bahari, na hakuna anayesikia hivyo akadhani maji yanakimbia kukifuata kisiwa. Yapo tu, pande zote.

Ukisema "elektroni zinazunguka kiini", ile -na- inamvuta mwanafunzi kwenye maana ya kwanza, naye anaona sayari ndogo zikikimbia kwenye reli. Fizikia iliiacha picha hiyo katika miaka ya 1920. Tunachoweza kusema ni wapi elektroni ina uwezekano mkubwa wa kupatikana, njia yake hatuwezi kuichora. Geuza sentensi: "Kiini kimezungukwa na elektroni." Kitenzi ni kile kile, umeweka -me- na kauli ya kutendwa, na sasa umesema kweli ambayo mwanafunzi hatalazimika kuifuta akifika kidato cha tano. Ile ya kwanza itumie unaposimulia historia: Bohr alisema elektroni zinakizunguka kiini. Usiisahau -ki- hiyo, maana ndiyo inayoonyesha kinachozungukwa ni nini.

Miduara ya ubaoni endelea kuichora, mtihani unaitaka. Waambie tu kwamba kila duara ni ngazi, na kwamba hakuna elektroni inayopita juu ya ule mstari wa chaki.

Kwa sodiamu, ningeandika ubaoni hivi: "Atomi ya sodiamu ina kiini chenye protoni 11. Kiini hicho kimezungukwa na elektroni 11: mbili katika ngazi ya kwanza, nane katika ya pili, na moja katika ya tatu." Kisha wafumbe daftari, na mmoja wao aisome sentensi hiyo kwa kuibadilisha iwe ya klorini, yenye protoni 17. Akikwama kwenye hesabu, tatizo ni la Kemia. Akisema "kiini hiyo imezungukwa", mtume kwa mwalimu wa Kiswahili.