Maji ya Bomba Yakikosa Nguvu kwenye Boti, Usianze na Pampu

Ukianza kazi ya ufundi wa maji kwenye boti za Ziwa Viktoria upande wa Uganda, iwe Ggaba, Munyonyo, Port Bell au Entebbe, malalamiko utakayopokelewa nayo ni yaleyale: "Ssebo (bwana), pampu imekufa, lete nyingine." Nahodha ameshakata kauli. Ameona maji ya bafuni yanachuruzika, amesikia pampu inalia, akahukumu. Ukimtii utafunga pampu mpya ya bei kubwa, utawasha, na maji yatachuruzika vilevile. Hapo kesi inahamia kwako.

Pampu husukuma kile inachopewa. Ipe maji pungufu au umeme pungufu, nayo itakupa presha pungufu, hata kama imetoka kwenye boksi leo asubuhi. Kwa hiyo chunguza kwanza kinachoingia kwenye pampu, halafu pampu yenyewe.

Kabla ya kufungua chochote, uliza: ni bomba moja au yote? Maji baridi pia, au ya moto tu? Kama ni bomba moja, fungua kile kichujio cha mdomoni mwake, kung'uta mchanga, rudisha. Kama ni ya moto peke yake, matatizo yako upande wa hita, na mara nyingi ni ile vali ya kuzuia maji kurudi nyuma imekwama nusu. Hayo hayahitaji maelezo marefu. Kazi yenyewe ni pale mabomba yote yanapokuwa dhaifu.

Hapo fungua bomba moja, kisha nenda uchuchumae karibu na pampu usikilize. Boti nyingi ndogo hutumia pampu ya volti 12 yenye mpira wa ndani unaopiga mbele na nyuma, na swichi ya presha inayoizima presha ikifika kiwango chake, kwa pampu nyingi karibu bar 2.8, yaani psi 40. Ikikimbia kwa kasi, sauti nyepesi na kavu, bila kuzima, inameza hewa au tangi limekauka. Ikizunguka polepole kwa mguno mzito, shuku umeme. Ikiwaka na kuzima, waka, zima, huku bomba liko wazi, basi yenyewe iko salama na inasukuma, ila kuna kitu kimeziba mbele yake: mpira wa kupitishia maji uliokunjika, vali iliyofungwa nusu, au chujio la maji ya kunywa ambalo halijabadilishwa tangu boti iingie majini.

Tuanze na upande wa kunyonya, kwa sababu huko ndiko utakakopata kazi nyingi zaidi. Kati ya tangi na pampu kuna chujio lenye kifuniko angavu. Lifungue ulisafishe, lakini ukilirudisha angalia raba yake ya duara. Ikiwa imekauka au imekaa upande, maji hayavuji nje hata tone, ila hewa inaingia ndani, kwa kuwa upande huu pampu inavuta. Mafundi wageni hutafuta uvujaji kwa kuangalia palipolowana, na hapa hapalowani. Dalili utaiona bombani: maji yanatoka yakitemea temea. Kaza kleme (vibanio vya mpira) zote kuanzia tangi hadi pampu, paka raba mafuta ya silikoni ya vyombo vya maji ya kunywa, jaribu tena.

Halafu kuna kipumulio cha tangi. Pampu ikitoa lita 10 kwa dakika, lita 10 za hewa lazima ziingie tangini kuziba nafasi. Hewa isipopita, tangi la plastiki linaanza kubonyea ndani na pampu inashindana nalo. Vitabu vya pampu havikuambii kuhusu usubi wa ziwani, lile wingu linalosimama juu ya maji kama moshi wa msitu unaoungua. Likipita kwenye boti, wavu mdogo wa kipumulio hufunikwa na maiti za wadudu, zikilowana na kukauka zinakuwa tabaka gumu. Pasipo na wavu, nyigu anayejenga kwa udongo huja kufanya nyumba humo ndani. Kipimo chake hakigharimu shilingi: pampu ikiwa inafanya kazi na bomba liko wazi, fungua kifuniko cha kujazia maji. Ukisikia hewa inavutwa, na bomba likapata nguvu palepale, umeshapata jibu. Safisha wavu na uurudishe. Usiung'oe moja kwa moja, vinginevyo unamkaribisha yule nyigu.

Uangalie pia mpira wenyewe wa kupitishia maji. Kuna ule wa plastiki laini, angavu, usio na nyuzi wala waya ndani, watu wanaupenda kwa sababu ni rahisi na unapatikana kila duka. Upande wa kusukuma unaweza kuvumilia kwa muda. Upande wa kunyonya haufai. Saa mbili asubuhi maji yako sawa. Saa nane mchana chumba cha injini kimepata joto, mpira umelainika, pampu ikivuta unalala bapa kama hauna kitu ndani. Jioni ukija na vifaa vyako, umepoa na maji yanatoka vizuri, nahodha anakuona mwongo. Shika mpira kwa mkono wakati wa joto, pampu ikiwa inavuta, utausikia ukijibana. Weka ulioimarishwa kwa waya wa mzunguko. Na usiweke angavu: mwanga ukipita humo ndani, mwani wa kijani unaota.

Jambo jingine: uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa inasukuma kwa nguvu pungufu, karibu sehemu moja kwa nane kuliko pwani. Kama kitabu cha pampu kinasema inavuta maji kutoka mita 2 chini yake, huku kwetu usiitegemee ifike hapo. Iweke chini, karibu na tangi, mpira mfupi na mnene.

Sasa umeme. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya waya vya pampu, bomba likiwa wazi na pampu inazunguka. Ukipima imezimwa utapata namba nzuri itakayokudanganya, kwa sababu waya mbovu haupotezi volti mpaka upitishe mkondo. Tuseme betri inasoma 12.4 na kwenye pampu unapata 10.6. Volti 1.8 zimepotelea njiani, tafuta wapi. Gusa ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, isome, kisha fanya hivyo upande wa hasi. Ukipata 0.3 upande mmoja na 1.5 upande wa pili, acha kugusa huo wa kwanza. Fuata ule wa pili, ungio kwa ungio, utakuta kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani au nati imelegea. Watu wengi hukimbilia fyuzi na swichi, wakasahau waya wa kurudi.

Ukinunua waya Kisekka au kwingineko Kampala, kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha. Kwenye boti nunua shaba tupu, na ikipatikana iliyopakwa bati chukua hiyo.

Yote yakiwa sawa na presha bado ni duni, ndipo pampu ifunguliwe. Zima umeme wake kwanza, fungua bomba presha iishe. Skrubu za kichwa zikitoka, kagua ule mpira wa ndani unaopiga mbele na nyuma kama umechanika, na vali ndogo kama zimekamata mchanga. Pampu nyingi zina vifaa vya kubadilisha sehemu hizo kwa bei ndogo kuliko pampu nzima. Ile skrubu ya kurekebisha swichi ya presha iache ilivyo mpaka umemaliza mengine yote. Wageni wanaipenda kwa sababu ukiizungusha kitu kinabadilika, lakini haiwezi kuleta maji ambayo hayaingii.

Utakapokuwa unafungua matangi, usimkubalie mtu akwambie yajazwe kwa ndoo ya ziwani kwa kuwa "ni ya kuoga tu". Kichocho kinaingia kupitia ngozi, na mwani wa humo utakuwa umeziba chujio lako upya.

Kuhusu malipo, patana mapema. Mteja wa huku amezoea kulipia kifaa anachokishika mkononi, na ukimtengenezea maji kwa kung'uta usubi kwenye wavu atakuuliza umefanya nini cha pesa. Mwambie ada ya uchunguzi kabla hujafungua sanduku la spana, na vifaa vihesabiwe kando.