Aliyewekwa Ndani na Aliyemweka Ndani: Nani Aaminiwe Akizungumzia Haki?

Juzi, makala yangu ya dhamana iliposambaa WhatsApp, mpelelezi mmoja mstaafu aliniandikia: wewe ulikaa mahabusu, una kinyongo, tuachie sisi tuliofanya kazi hiyo tuzungumzie haki. Ujumbe ule umenichoma. Namjibu hapa, kwa heshima zote, afande.

Kinyongo ninacho. Nilishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo hapa Tanzania halina dhamana, na mwishowe mahakama ikaona sina kesi ya kujibu. Katikati hapo ni pingu, karandinga na sentensi moja: "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika." Mwendesha mashtaka aliisema bila kuinua kichwa, kutoka kizimbani nilikuwa naona utosi wake tu. Hakimu anaandika, anataja tarehe nyingine, tunarudishwa gerezani. Kila kesi ilipotajwa mama yangu alikuja na chakula, na mara nyingi alirudi nacho nyumbani, hotipoti haijafunguliwa. Hayo hayafundishwi chuoni.

Lakini ndugu zangu, kuliona jambo si kuliona lote. Kwa nini upelelezi haukukamilika? Shahidi alihama? Ripoti ilichelewa? Jalada la upelelezi halisomeki kutoka kizimbani. Na afande, aliyelisoma jalada, akishalikabidhi hakupanda lile karandinga.

Sheria yenyewe haimwamini shahidi kwa sababu tu alikuwepo. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kabisa, na ikataka yaulizwe maswali kwanza: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla? Mtu anaweza kusema kweli kwa moyo wake wote na bado akawa amemfananisha. Basi nawe kabla hujawahukumu polisi au mahakimu wote, jiulize ulisimama umbali gani.

Taaluma nayo haiponyi. Mwaka 1998 majaji wa House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, hana kinga ya kutokamatwa na kushtakiwa. Mwezi uliofuata uamuzi ukatenguliwa, kwa kuwa mmoja wao, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi yenye uhusiano na Amnesty International, shirika la haki za binadamu lililoshiriki katika shauri hilo. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba alipendelea, uhusiano ulitosha. Jaji wa ngazi ile, sembuse mimi na afande!

Nenda mahakamani siku ambayo huna kesi wala ndugu mwenye kesi. Kaa benchi la nyuma, zima simu, sikiliza pande zote mbili. Kama una kidonda kama changu, kitaje mapema, wasomaji wapime wenyewe. Na usome hukumu yenyewe, si kichwa cha habari. Tovuti ya TanzLII inaziweka mtandaoni bure. Anza na ile iliyomwachia mtu ambaye ulishaamini ni jambazi, uimalize yote kabla hujasema kahonga.