Fikra za kidizaini ndo nini?

SWALI: Shikamoo dada, bosi katuandikisha semina ya fikra za kidizaini, kwenye ratiba naona empathi, prototaipu, kutesti, sasa mi niko idara ya mikopo na kuchora sijui, vinanihusu nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fikra za kidizaini ni njia ya kutatua tatizo kwa kuanza na mtu mwenye tatizo lenyewe, unamwelewa, unajaribu kitu kidogo, unarekebisha. Kujua kuchora si lazima, na we wa mikopo ndo vinakuhusu haswa.

Chukua M-Pesa. Mwaka 2005 kule Kenya kampuni ya simu ya Safaricom ilianza majaribio madogo ili wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu, na hicho kitu kidogo cha kujaribia ndo prototaipu, unakitengeneza fasta watu wakishike kabla hujamwaga hela nyingi. Kutesti ni kukaa uangalie wanakitumiaje, na pale Safaricom wakakuta watu wanatumiana hela wao kwa wao, wengine wanawatumia ndugu zao mbali! Wangeweza kung'ang'ania mikopo, ila wakawafuata watu, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutumiana pesa.

Empathi sasa, yaani kujiweka kwenye viatu vya mteja, hii ndo wengi wanairuka na inaniuma sana. Kaa kwenye benchi na mteja anayejaza fomu yenu, angalia kalamu inasimama wapi, swali gani anamnong'oneza jirani, usimsaidie kwanza, angalia tu.

Semina ikiisha bila kuongea na mteja hata mmoja, mwombe bosi mwende kaunta kesho yake.