Jibu: Nikifika Ufaransa na viza ya kazi, nianze na nini?
Ndugu, kwanza soma stika ya viza. Ikiwa ni VLS-TS (viza ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha ukaazi), lazima uithibitishe mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali, ndani ya miezi 3 tangu uingie. Andaa namba ya viza, tarehe ya kuingia, anwani yako ya huko na kadi ya benki ya kulipia ada. Tafadhali usichelewe: muda ukipita unahesabika huna kibali, hata kama viza haijaisha, na ukienda kusalimia nyumbani kurudi ni shida.

Cheti cha kuzaliwa beba kile kirefu chenye majina ya wazazi. Watu wa bima ya afya watakidai cheti hicho, kikiwa kimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Ombi la kuongeza ukaazi lipeleke kati ya miezi 4 na 2 kabla viza haijaisha.