Mgonjwa Anayekoroma Hajalala

Usiku mmoja, nikiwa bado mgeni katika kazi ya gari la wagonjwa kwenye barabara ya Morogoro, tulifika karibu na Chalinze kumchukua kijana wa bodaboda aliyegongwa na gari. Alikuwa amelala chali kando ya lami, macho yamefumba, haitiki akiitwa, naye anakoroma kwa sauti ambayo watu waliomzunguka waliipokea kama habari njema. "Anapumua huyo, amelala tu," mzee mmoja aliniambia. Nilifungua mtungi, nikamvisha barakoa ya oksijeni kwa lita 15 kwa dakika, kisha nikaanza kutafuta mshipa wa kumwekea dripu. Mwenzangu, muuguzi aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alipiga magoti kichwani pa mgonjwa, akapitisha vidole nyuma ya pembe mbili za taya la chini, akalisukuma taya mbele. Mkoromo ulikatika papo hapo, na kifua kikainuka sawasawa kwa mara ya kwanza tangu tulipofika. "Mdogo wangu," aliniambia bila kuinua macho, "oksijeni yako ilikuwa inaishia mdomoni."

Tangu usiku ule nimejizoeza kusikiliza kabla sijashika kifaa chochote, na huo ndio ushauri ninaotaka kumpa kila anayeanza kazi hii, awe kwenye gari la wagonjwa, katika kikosi cha zimamoto au katika zahanati iliyo pembezoni mwa barabara kuu.

Ulimi ni msuli ulioshikamana na taya la chini. Mtu akipoteza fahamu akiwa amelala chali, misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma na kuliziba koo, nusu au lote. Njia ikiziba nusu utasikia mkoromo. Ikiziba yote hutasikia kitu, ingawa kifua na tumbo vinaweza kuendelea kuhangaika kwa muda, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka, na mtu asiye na uzoefu akadhani mgonjwa anapumua. Kwa hiyo kila mgonjwa anayekoroma na haamki ukimwita na kumfinya, mhesabu kuwa njia yake ya hewa imeziba mpaka mikono yako ithibitishe vinginevyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu jamaa za mgonjwa karibu kila mara watakuambia mwache alale: amekunywa sana, ametoka kwenye degedege, amechoka na safari. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita hivi, na nyingi kati ya dakika hizo zimekwisha kupita kabla hujafika.

Namna ya kufungua njia hiyo haihitaji umeme wala fedha. Mgonjwa ambaye hakuumia, weka kiganja kwenye paji la uso, uinamishe kichwa nyuma na uinue kidevu kwa vidole vya mkono wa pili. Katika miaka ya 1950 daktari Peter Safar, akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, alionyesha jambo hilo kwa watu waliojitolea kulegezwa misuli kwa dawa, na mafunzo yetu ya leo yanatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Aliyeanguka au kugongwa, ambaye unahofia shingo yake, msukumie taya mbele bila kukisogeza kichwa, kama alivyofanya mwenzangu. Lakini ukisukuma taya na hewa bado haipiti, inamisha kichwa kwa upole kadiri inavyohitajika. Nimeona wahudumu wema kabisa wakiilinda shingo kwa uangalifu huku mwenye shingo akiishiwa hewa, na sioni faida ya uangalifu wa namna hiyo. Kwa mtoto mchanga mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa kisogo chake ni kikubwa na akilazwa chali kidevu hukunjamana kifuani. Kunja kanga ya mama yake iwe pedi nyembamba, iweke chini ya mabega, na uso wake utazame juu moja kwa moja bila kuinamishwa sana nyuma.

Sauti ya pili ni ya maji yanayochemka kooni. Hayo ni matapishi, damu au mate, na hakuna barakoa inayopaswa kuwekwa usoni kabla hayajaondolewa, la sivyo utayasukumia mapafuni. Yafyonze kwa mashine ya kufyonza, mpaka pale jicho linapofika tu, usizidishe sekunde 15 kwa mara moja, kisha umrudishie hewa. Mashine ikiwa haipo au imeishiwa chaji, mgeuze mgonjwa ubavu, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja, na uzito wa matapishi wenyewe utafanya kazi. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Na ukimkuta mwenye kifafa amewekewa kijiko kati ya meno, kitoe mara tu kinapotoka kwa urahisi na uwaeleze ndugu zake kwa upole, maana walifanya hivyo kwa kumpenda: kijiko huvunja meno, na meno yaliyovunjika huenda kooni.

Kifaa cha plastiki kilichopinda cha kuwekwa mdomoni ni msaada mzuri kwa asiye na fahamu kabisa. Kipime kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, kwa sababu kilicho kifupi huusukuma ulimi nyuma badala ya kuuzuia. Mgonjwa akionyesha kutaka kutapika unapokiingiza, kitoe mara moja.

Sasa nifike kwenye ambu, yaani mfuko wa kuminya kwa mkono unaomsukumia mgonjwa hewa kupitia barakoa, mahali ambapo naamini tunawadhuru wagonjwa wengi bila kujua. Ambu ya mtu mzima hubeba takriban lita moja na nusu, ilhali pumzi moja ya kutosha ni mililita 500 hadi 600, yaani theluthi moja hivi ya mfuko. Minya polepole kwa sekunde moja, kifua kikianza tu kuinuka achia, kisha subiri. Mtu mzima ambaye moyo wake unapiga anahitaji pumzi moja kila sekunde sita, mtoto kila sekunde mbili au tatu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naminya mfuko wote, haraka haraka, kwa sababu hofu ilikuwa mkononi mwangu, mpaka siku moja tumbo la mama mmoja lilipovimba machoni pangu na matapishi yakajaa ndani ya barakoa tukiwa mwendoni. Hewa ya ziada ilikuwa imeingia tumboni. Isitoshe, kifua kinachojazwa kupita kiasi huizuia damu kurudi moyoni, hivyo mgonjwa ambaye presha yake iko chini huzidi kudhoofika kwa juhudi zetu wenyewe. Siku hizi nahesabu hadi sita kwa sauti, hata kama dereva ananisikia.

Tena, ambu ni kazi ya watu wawili kila inapowezekana. Mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili na kuliinua taya lije kwenye barakoa, mwingine aminye. Kosa la kawaida ni kuikandamiza barakoa usoni, jambo ambalo hukirudisha kidevu nyuma na kuiziba njia uliyokwisha kuifungua. Mzee mwenye meno ya bandia yaliyokaa imara, yaache mdomoni, kwa kuwa huyashika mashavu na hewa haivuji pembeni.

Msikilize pia anayehema mara chache chache, kwa kutweta, kinywa wazi kama samaki aliyetolewa majini. Hizo ni pumzi za kukata roho, na kwa mhudumu zisihesabiwe kuwa kupumua. Kama mgonjwa hana fahamu na hukuhisi mapigo yake ndani ya sekunde 10, anza kukandamiza kifua, mara 30 kwa pumzi mbili.

Wapo ambao sauti yao ni ya mluzi. Mwenye pumu mwache akae, ameinama mbele kama mwili wake ulivyochagua, wala usimlaze kwenye machela kwa sababu tu machela ndiyo uliyokuja nayo. Dawa ya kuvuta inafika vizuri zaidi mapafuni ikipitia chombo cha katikati, kile kinachowekwa kati ya kifaa cha dawa na mdomo wa mgonjwa, na kisipokuwepo, chupa tupu ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa kifaa cha dawa, hufanya kazi ile ile. Ninachokiogopa ni mluzi unaponyamaza huku mgonjwa anasinzia na hawezi tena kumaliza neno. Ndugu watashukuru kuwa ametulia. Wewe andaa ambu.

Nitaje na oksimita, kipimo cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, maana nacho kinaweza kudanganya. Familia ikilala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, kama inavyotokea huko Njombe na Makambako miezi ya Juni na Julai, hewa ya sumu kutoka kwenye mkaa hujishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haiwezi kutofautisha. Itasoma 98 kwa mtu anayekufa. Watoe nje kwanza, ukijilinda usianguke nao, kisha wape oksijeni ya juu kabisa uliyonayo bila kujali namba.

Jambo jingine hufanyika asubuhi, kabla simu ya kwanza haijaingia. Mtungi mdogo wa lita 340, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, haufikishi dakika 23, na kutoka Chalinze hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 100 za malori na foleni. Kwa hiyo nikipokea zamu nafungua mtungi na kusoma geji, nawasha mashine ya kufyonza niisikie ikivuta, naiminya ambu nikiwa nimeziba tundu lake kwa kiganja ili nijue kama inavuja, kisha natafuta barakoa za watoto, kwa sababu niliwahi kufungua mfuko wa vifaa mbele ya mtoto wa miezi mitatu aliyeacha kupumua nikakuta za watu wazima peke yake, na nikalazimika kumfunika mdomo na pua kwa kinywa changu, nikimpulizia pumzi ndogo za ujazo wa mashavu tu, mpaka tulipofika kituo cha afya.